Usiku haupakwi rangi nyeusi: siri ya giza katika anime za Kijapani

Wazazi wengi wa Pwani wakisikia neno anime hufikiria mambo mawili: makelele na vita. Kijana amejilaza na simu yake, saa tano za usiku, na kwenye kioo kuna watu wenye macho makubwa wanarushiana moto. "Zima hizo katuni ulale." Ni haki yao kusema hivyo. Lakini pengine nawe umewahi kuona kwamba picha ambayo kijana huyo huyo ameiweka mbele ya simu yake si ya vita hata kidogo. Ni ya mji uliolala, taa mbili tatu zinawaka kwenye kilima, mbingu imejaa nyota, na mtu mmoja mdogo amesimama pembeni hafanyi lolote. Picha hiyo imetoka ndani ya katuni zile zile tunazoziamuru zizimwe.

Hapa nataka kueleza picha kama hizo hutengenezwa vipi, na kwa nini Wajapani wamehangaika na usiku kuliko watu wengine wanaochora filamu. Anayezijua filamu hizi tayari atanivumilia nikieleza mambo ya mwanzo. Asiyezijua, huenda leo akakaa kando ya mwanawe akatazama dakika kumi.

Anime ni jina la filamu zote za kuchorwa zitokazo Japani, za watoto na za watu wazima, za kuchekesha na za msiba. Kuzitia zote kapu moja ni kama kusema "taarab" na kudhani wimbo ni mmoja. Na ndani ya filamu moja kazi hugawanywa. Kuna wachoraji wa watu, wanaochora mikono, midomo na nywele zinazopeperuka. Kisha kuna wachoraji wa mahali. Hawa huchora ukuta, mti, barabara, bahari na mbingu, mara nyingi bila kuchora mtu hata mmoja. Majina yao hupita haraka mwishoni, wakati watazamaji washainuka. Usiku wote unaouona ni kazi ya mikono yao.

Buluu, si nyeusi

Tuanze na macho. Chukua leso nyekundu na leso ya buluu uzitandaze nje usiku wa mbalamwezi, mbali na taa. Mchana ile nyekundu ndiyo inayokuita kwanza. Usiku huo itaonekana kama nyeusi, na ile ya buluu itaonekana imeng'ara. Leso hazijabadilika, ni jicho lililobadilika. Mwanga ukipungua, sehemu ya jicho inayotambua rangi hulegea na kuiachia kazi sehemu nyingine, ambayo haioni wekundu vizuri ila inaona buluu na kijani. Mwanasayansi wa Kicheki Jan Purkinje aliliandika jambo hili katika karne ya 19, lakini mvuvi yeyote anayetoka usiku analijua bila kitabu.

Mchoraji anayepaka usiku rangi nyeusi kwa hiyo anakosea mara mbili: anaficha kila kitu, na anachora kitu ambacho jicho halikioni. Usiku wa anime ni wa buluu, zambarau na kijani kizito. Weusi wenyewe hutumiwa kwa uchoyo, labda kwenye upande wa mti usiopata mwanga, au chini ya upenu.

Kabla ya kompyuta kazi hii ilifanywa kwa karatasi, maji na zile rangi nzito za vichupa zinazotumiwa kuchorea mabango. Kazuo Oga, mzaliwa wa jimbo la Akita mwaka 1952, ndiye anayetajwa zaidi. Yeye ndiye aliyesimamia mandhari ya My Neighbor Totoro, filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1988. Hulowesha karatasi kwanza, kisha hupitisha brashi pana kabla maji hayajakauka, ili rangi moja iyeyukie ndani ya nyingine bila kuacha mstari. Hapo ndipo mbingu inapopata kule kufifia kwake: buluu nzito juu, na chini karibu na miti buluu iliyochanganyika na kijani au zambarau. Karatasi ikishakauka ndipo huongezwa matawi na paa, na mwisho kabisa taa. Katika Totoro kuna usiku mmoja ambao watoto wawili wanatoka nje kwa miguu mitupu na mbegu walizopanda zinaota na kuwa mti mkubwa mbele ya macho yao, chini ya mwezi. Tazama pale namna majani yalivyo na rangi nyingi ilhali unaamini kabisa kwamba ni usiku.

Shida kubwa ilikuwa ni watu. Mtu alichorwa kwenye karatasi ya plastiki angavu iliyolazwa juu ya mandhari, na rangi yake ilikuwa bapa. Ukimchukua msichana mwenye gauni la manjano la mchana ukamweka juu ya usiku wa buluu, anaonekana kama kibandiko. Kila mhusika basi alihitaji rangi zake za usiku: ngozi ya usiku, gauni la usiku, nywele za usiku, na rangi nyingine tena akisogea karibu na taa. Hizo zote ni pesa na siku za watu. Ndiyo maana watengenezaji wengi waliukwepa usiku, au waliuweka mfupi.

Na taa je? Rangi nyeupe kwenye karatasi haiwaki hata uipake vipi. Wapiga picha wa studio walikuwa na ujanja wao. Walitoboa karatasi nyeusi mahali pale taa ilipo, wakawasha taa ya kweli chini ya meza, kisha wakapiga picha mara ya pili juu ya filamu ile ile. Mwanga ulipita kwenye tundu, wakati mwingine kupitia kipande chenye rangi, ukasambaa kidogo pembeni kama usambaavyo mwanga wa taa halisi. Kwa hiyo ukitazama filamu ya zamani ukaona dirisha linawaka ng'ambo ya mto, jua kwamba kuna taa halisi iliyowashwa nyuma yake.

Filamu iliyoutumia ujanja huu kwa fujo zaidi ni Akira ya Katsuhiro Otomo, iliyotoka Julai 1988. Hadithi iko katika Tokyo mpya ya kubuni, mwaka 2019, na sehemu kubwa hupita usiku. Vijana wanakimbizana kwa pikipiki na taa za nyuma zinaacha michirizi myekundu hewani. Otomo na watu wake waliikataa ile buluu niliyoisifu hapo juu wakachukua wekundu na kijani, kwa sababu usiku wa jiji kubwa ni wa taa za matangazo, si wa mwezi. Hutajwa kwamba rangi 327 zilitumika, 50 kati yao zikitengenezwa mahsusi kwa filamu hiyo. Nionye mapema: Akira si ya watoto. Ina damu nyingi na mambo ya kutisha, na mzazi asidanganyike kwa kuwa imechorwa.

Vimulimuli ndani ya chandarua

Mwaka huo wa 1988 ulikuwa wa ajabu. Totoro ilitoka Aprili 16, na siku hiyo hiyo, kwa tikiti hiyo hiyo, studio ya Ghibli ikatoa filamu ya pili, Grave of the Fireflies, yaani Kaburi la Vimulimuli, ya Isao Takahata. Fikiria familia iliyoingia kutazama mdudu mkubwa wa manyoya anayelala mtini, kisha ikaletewa hii.

Ni Kobe, mji wa bandari, mwaka 1945. Ndege za Marekani zinamwaga mabomu ya moto juu ya nyumba za mbao. Seita ni mvulana wa miaka 14, dada yake Setsuko ana miaka 4. Mama yao anaungua na kufa. Wanakaa kwa shangazi, wanachokwa, mwishowe wanahamia kwenye handaki kando ya bwawa. Usiku wa kwanza pale ni giza totoro, na mtoto anaogopa. Seita anakamata vimulimuli, wadudu wale wadogo ambao wengine wetu huwaita vimetameta, anawaachia ndani ya chandarua. Nyuso zao zinaonekana na kupotea kwa mwanga wa kijani, na kwa muda kidogo watoto hao ni watoto tena. Asubuhi Setsuko anachimba shimo kuwazika wadudu waliokufa, na anataka kujua kwa nini vimulimuli hufa upesi hivyo. Hapo ndipo kaka yake anapogundua kwamba mtoto anajua kila kitu kuhusu mama yao.

Mandhari ya filamu hii yalisimamiwa na Nizo Yamamoto, mtu wa visiwa vya Goto huko Nagasaki, aliyefariki Agosti 2023 akiwa na miaka 70. Rangi zilikuwa za Michiyo Yasuda. Waliamua kwamba mistari inayowazunguka watu isiwe myeusi kama desturi, iwe ya kahawia, ili watu waungane na mahali walipo na picha nzima iwe na ulaini wa kumbukumbu. Unaweza kuitazama filamu nzima usiligundue hilo, lakini moyo unalihisi.

Kuna jambo moja kwenye tangazo la filamu hii. Watoto wawili wamesimama shambani gizani, wamezungukwa na vijinuru vidogo. Kwa miaka mingi watu waliiona kama picha ya furaha. Ukiongeza mwanga wa picha hiyo, juu kabisa gizani kunatokea umbo la ndege ya B-29, na baadhi ya vile vijinuru ni moto unaoanguka. Hapo giza la buluu lilikuwa linaficha kitu.

Kitabu kilichozaa filamu hii kiliandikwa na Akiyuki Nosaka mwaka 1967. Yeye mwenyewe alimpoteza dada yake mdogo kwa njaa mwaka 1945. Sasa filamu hii inapatikana Netflix nje ya Japani tangu Septemba 2024. Tazama na watoto wakubwa, si wadogo, na usipange shughuli nyingine baada yake.

Saa ya magharibi

Sisi hatuhitaji kufundishwa kwamba magharibi ni wakati wa peke yake. Mtoto wa Lamu au wa Mji wa Kale aliyekulia mikononi mwa bibi anajua: jua likitua, acha mpira, ingia ndani. Wakati ule una wenyewe. Ukipigwa mluzi, usiitike.

Wajapani nao wana bibi zao. Neno lao moja la machweo ni tasogare, na asili yake ni swali, "Yule ni nani?", kwa sababu mwanga umebaki wa kukuonyesha kwamba kuna mtu lakini haukuonyeshi ni mtu gani. Wana jina jingine la wakati huo huo lenye maana ya saa ya kukutana na mabaya. Bahari kubwa imetutenga nao, na hofu ni moja.

Ukilijua hilo, Spirited Away ya Miyazaki, ya mwaka 2001, utaielewa kuliko Mmarekani. Chihiro ana miaka 10. Yeye na wazazi wake wamepotea njia, wakapita kwenye handaki, wakafika mji mtupu wenye vibanda vya chakula. Wazazi wanaona chakula kiko tayari, hakuna mwenyewe, wanaketi kula. Mtoto anakataa. Kijana mmoja anamwona na kumwamuru aondoke upesi kabla giza halijaingia. Na pale, kwa muda mfupi tu, jua linatua. Vivuli vinarefuka, taa za karatasi zinawaka zenyewe moja baada ya moja, na kwenye vibanda vilivyokuwa vitupu kunaanza kuonekana maumbo meusi yasiyo na uso. Anakimbilia kwa wazazi, anawakuta wamekuwa nguruwe. Anakimbia kule walikotoka, na uwanda wa nyasi waliouvuka kwa miguu umejaa maji, kama mkondo unavyojaa usiku wa bamvua, na jahazi lenye taa linakuja na abiria ambao si watu.

Hakuna hata tone moja la damu katika sehemu hiyo. Hofu yote imeletwa na mabadiliko ya mwanga. Yoji Takeshige, aliyesimamia mandhari, aliipeleka mbingu kutoka dhahabu hadi buluu taratibu kiasi kwamba unashtuka umeshaingia usiku. Wakati wa kutengeneza filamu hii Miyazaki alikuwa akitembelea makumbusho ya majengo ya kale huko Koganei, viungani mwa Tokyo, ambako nyumba na maduka ya zamani yamehifadhiwa, na baadhi ya yale majengo yamo ndani. Filamu ikapata tuzo kuu ya tamasha la Berlin mwaka 2002 na Oscar mwaka 2003.

Karibu na mwisho kuna safari ya gari la moshi linalopita juu ya maji ya kina kifupi. Hakuna anayezungumza. Mchana unakuwa jioni, jioni inakuwa usiku, abiria ni vivuli, vituo vinapita, nje taa za matangazo za mji usiojulikana zinapita dirishani na kupotea. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya usiku katika filamu yoyote ya kuchorwa, na sitabishana na mtu.

Mzazi atakayeuliza kuhusu itikadi ana haki. Filamu hii imejaa miungu na mizimu ya imani ya Kishinto, na mtoto mdogo aelezwe kwamba hayo ni yao. Lakini kuhusu mtoto aliyekataa kula kisicho chake wakati wakubwa wanashindwa kujizuia, sidhani kama kuna ugomvi.

Mtu wa nyota

Vijana wa leo, hata hivyo, ukiwauliza kuhusu usiku mzuri watakutajia jina moja: Makoto Shinkai. Alizaliwa mwaka 1973 Koumi, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Nagano, mahali ambapo mbingu haijaharibiwa na taa. Alifanya kazi kwenye kampuni ya michezo ya kompyuta, na mwaka 2002 akatoa filamu ya dakika 25, Voices of a Distant Star, aliyoitengeneza karibu yote peke yake nyumbani kwa kompyuta yake. Yeye hakutoka kwenye brashi na maji. Hupiga picha za mahali halisi, kisha huzichorea juu, akabadilisha rangi na kuongeza mwanga, kila kitu ndani ya kompyuta.

Matokeo yake ni mbingu ambazo hazipo duniani. Nyota ni nyingi mno, mawingu ya usiku yana pindo la zambarau na waridi, na kila dirisha la ghorofa linawaka. Mimi huona wakati mwingine zimezidi sukari, kama chai ya harusini. Lakini yapo mambo mawili aliyoyafanya ambayo siwezi kuyapuuza.

La kwanza ni sehemu ya pili ya 5 Centimeters per Second, ya mwaka 2007. Iko Tanegashima, kisiwa cha kusini mwa Japani chenye upepo wa bahari, mawimbi ya kuteleza kwa ubao, na kituo cha kurushia roketi. Msichana wa pale anampenda kijana aliyehamia kutoka Tokyo na hajui amwambie vipi. Wanatembea jioni pamoja, kimya, na msichana analia. Ghafla nyuma yao roketi inapaa. Mkia wa moshi unaigawa mbingu pande mbili, upande mmoja una mwanga na wa pili giza, na katika kuitazama ile roketi msichana anaelewa kwamba kijana yule macho yake yako mbali mno, hatamwona kamwe. Hamwambii tena.

Watu wa Malindi mngeipenda sehemu hiyo kuliko wengine. Roketi pia ziliwahi kupaa juu ya bahari yenu, kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, mbele ya Ngomeni. Desemba 12, 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wetu, ilirushwa kutoka pale setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Na kama hayo hayatoshi, Wareno waliofika Malindi mwaka 1498 ndio hao hao waliotia mguu Tanegashima mwaka 1543 na kuwaonyesha Wajapani bunduki. Visiwa na pwani hupatwa na mambo yanayofanana.

La pili ni Your Name, ya mwaka 2016, iliyoingiza takriban yeni bilioni 25 huko Japani pekee. Msichana wa kijijini na mvulana wa Tokyo wanabadilishana miili usingizini. Usiku wa sherehe ya kijiji nyota yenye mkia inapita, ile inayorudi kila miaka 1,200, na mbingu nzima inakuwa pazia la buluu, kijani na waridi. Watu wametoka nje, wanatazama, wanatabasamu. Kisha kipande kinamenyuka na kuanguka juu ya kijiji. Kile kitu kizuri kuliko vyote katika filamu ndicho kilichoua watu mia tano.

Shinkai amesema wazi kwamba tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011 ndiyo iliyomsukuma. Usiku wa siku hiyo stima zilipotea eneo kubwa la kaskazini-mashariki mwa Japani. Katika mji wa Sendai, ambako taa huifunika mbingu kila siku, watu waliopoteza nyumba na jamaa waliinua macho wakaona nyota ambazo hawajawahi kuziona wakiwa mjini mwao. Theluji ilikuwa imeanguka, kulikuwa na baridi kali, hawajui nani yu hai, na juu yao mbingu imepambwa. Jumba la falaki la Sendai baadaye likatengeneza onyesho la nyota za usiku ule kutokana na kumbukumbu za walionusurika. Mtu akijua habari hiyo haitazami tena Your Name kama hadithi ya mapenzi ya watoto wa shule.

Hapa petu tumezoea kuona giza kama upungufu. Mlingoti wa mulika mwizi ukisimamishwa mtaani tunashangilia, na kweli wizi hupungua, sisemi ung'olewe. Lakini muulize mtoto wa Kisauni au Likoni akuonyeshe Kilimia, vile vinyota vilivyokusanyika ambavyo wazee walivitazama kupangia kilimo. Ni wangapi watakaonyoosha kidole?

Ni nani atakayechora?

Kompyuta ilishinda zamani. Kipindi cha Sazae-san, cha familia, kilichoanza mwaka 1969 na bado kinaendelea, ndicho kilikuwa cha mwisho kwenye runinga kuacha karatasi za plastiki, na hata chenyewe kiliziacha mwaka 2013. Sioni ubaya. Kompyuta ilimpa Shinkai studio nzima ndani ya chumba kimoja, na mkono bado ulikuwa wake.

Jambo jipya ni tofauti. Januari 2023 Netflix ya Japani ilitoa filamu fupi ya kuchorwa, The Dog & The Boy, ambayo mandhari yake yalitengenezwa kwa akili unde. Sababu iliyotajwa ni kwamba wachoraji ni wachache. Mwishoni, pale ambapo jina la mchoraji wa mandhari huwekwa, paliandikwa akili unde, na kando yake "binadamu", bila jina. Wachoraji walikasirika, na mashabiki pamoja nao. Walisema wachoraji si wachache kwa sababu watu hawapendi kuchora. Ni wachache kwa sababu kazi ni ndefu na malipo hayalingani na kazi, jambo ambalo sekta nzima ya anime imelalamikiwa kwa miaka.

Mimi niko upande wa wachoraji, na si kwa huruma tu. Mashine hutoa usiku kwa kuchanganya usiku wa wengine waliokwisha kuuchora. Yamamoto alipochora giza la lile handaki la Kobe, alikuwa anaamua ni kiasi gani cha uso wa mtoto kionekane na kiasi gani kifichwe. Nyuma ya uamuzi huo kuna mtu anayeweza kuulizwa kwa nini.

Kijana wa hapa anayejifunza kuchora, na wapo wengi kwenye simu na vibao vyao, anaweza kuanza na yale machache niliyoyataja. Aweke buluu kabla ya nyeusi. Taa aiache mpaka mwisho. Aende Forodhani Lamu saa ya magharibi akae mpaka isha, aandike kila baada ya dakika kumi rangi ya maji ni ipi na rangi ya ukuta ni ipi. Atashangaa maji hubaki na mwanga muda mrefu baada ya kuta kuzama.

Kwa atakayetaka filamu moja ambayo vijana wengi hawajaiona, atafute Night on the Galactic Railroad, ya Gisaburo Sugii, ya mwaka 1985. Imetokana na hadithi ya Kenji Miyazawa, mwalimu na mtaalamu wa kilimo kutoka jimbo la Iwate aliyefariki mwaka 1933 akiwa na miaka 37, kabla kitabu chake hakijachapishwa. Katika filamu karibu wahusika wote ni paka. Giovanni, mtoto wa maskini anayechekwa na wenzake, usiku wa sikukuu ya nyota anapanda peke yake kilimani, na gari la moshi linamjia kutoka mbinguni. Ndani amekaa rafiki yake Campanella, nguo zimelowa. Wanasafiri pamoja kwenye ule mkanda mweupe wa nyota unaokata mbingu, na giza la nje si buluu ya Shinkai wala si moto wa Otomo. Ni jeusi kweli, pana, na kimya. Filamu inakwenda polepole sana na wengine watasinzia. Mwishoni Giovanni anarudi chini na kuambiwa kwamba Campanella amezama mtoni akimwokoa mwenzake.

Safari yao inaanzia kwenye Msalaba wa Kaskazini na kufikia Msalaba wa Kusini. Kutoka Iwate, Msalaba wa Kusini hauonekani kamwe, uko chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Miyazawa aliuandika bila kuuona kutoka nyumbani kwake. Kutoka Mombasa huonekana vizuri jioni za Aprili hadi Juni, ukitazama kusini, nyota nne zenye kung'aa, si juu sana, na hazihitaji darubini. Tafuta tu mahali taa za mji hazikufikii.